Pale Nilipopanda Palikuwa na Wenyewe

Naandika haya kwa sababu fedha hazikuwa zangu. Zilikuwa za watu walioniamini, wana-Mtwara wenzangu tulio Dar es Salaam, waliotuma elfu mbili mbili kwa simu baada ya kusoma tangazo nililoliandika kwa mkono wangu: "Changia tupanue hifadhi yetu. Shilingi 2,000, mkoko mmoja." Hakuna aliyekula hata senti. Lakini nilikosea, na kosa lilianzia kwenye neno hilo, "tupanue".

Hifadhi yenyewe ni ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, miaka 5 baada ya ile ya Mafia. Ina kilomita za mraba 650 hivi, na karibu theluthi yake ni nchi kavu. Vijiji vizima, Msimbati na Mahurunga vikiwamo, vimo ndani ya mipaka. Kwa mtu wa huko, hifadhi ni ufuko anapoegesha mtumbwi na mwamba anapochokoa pweza. Miaka yote hiyo watu wamebishana kuhusu nyavu zipi ziruhusiwe, wapi pavuliwe na nani aliulizwa kabla ya mipaka kuwekwa. Mimi nimekulia Mtwara mjini na mabishano hayo nayajua. Bado niliandika "tupanue". Nilimaanisha kuongeza miti. Neno lilifika kijijini kabla yangu, na watu wakaelewa kama mtu yeyote wa pale angeelewa, kwamba mpaka unasogezwa tena.

Tulikwenda kupanda wakati wa bamvua, maji yamekupwa mbali. Tulichagua tope tupu mbele ya msitu, upande wa bahari. Kwa macho yangu, mahali patupu palikuwa panadai miti. Mbegu ya mkoko ni ndefu na ya kijani, mfano wa penseli, na kuipanda ni kuichomeka tu. Kufika saa sita mistari ilikuwa imenyooka kama ya shamba la korosho. Nikapiga picha, nikazituma kwenye grupu. Watu wakafurahi, na michango mingine ikaingia.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja mtu mzima, kikapu mkononi. Alisubiri hadi tumalize. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, hapo ndipo tunapookotea kombe." Nikamweleza kwamba mikoko ni mazalia ya samaki, kwa hiyo baadaye watapata kitoweo kingi zaidi. Nilimweleza kama mwalimu na mwanafunzi, yeye aliyeijua bahari ile kabla mimi sijazaliwa. Hakubishana. Aliinama akaanza kuokota katikati ya mistari yetu, kila hatua akiinua mguu juu asije akakanyaga mche.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, na mwenyeji akakosa pa kuweka mguu.

Niliporudi, msimu wa kusi ulikuwa umepita. Mingi ya miche ilikuwa vijiti vyeusi, imegandwa na vijigamba vigumu vya baharini. Mingine ilikuwa imefukiwa na mchanga. Katika mstari wa kwanza nilitembea hatua nyingi kabla sijaona jani moja bichi. Kila mti una mahali pake. Kwenye ukingo wa bahari husimama mlilana, na mkoko hukaa nyuma yake, ambapo maji huja na kuondoka mapema. Tope lile lilikuwa tupu kwa sababu maji hukaa juu yake muda mrefu kuliko mche unavyoweza kustahimili. Kosa hilohilo lilifanyika Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004, na mikoko mingi iliyopandwa huko ilikufa. Siku hiyohiyo, ndani ya msitu, mahali palipokatwa boriti, niliona vichipukizi vilivyoota vyenyewe kwa mbegu zilizoletwa na maji. Hivyo havikuhitaji kupandwa. Vilihitaji kulindwa tu.

Yote hayo ningeweza kuyaita ujinga. Kilichofuata hakikuwa ujinga. Katika taarifa kwa wachangiaji niliandika idadi ya miche iliyopandwa, na iliyokuwa hai sikuitaja. Hakuna aliyeniuliza, nami nikanyamaza mwaka mzima. Miche ilikufa kwa kutojua kwangu, lakini taarifa ile niliiandika nikijua.

Nimeshawaeleza wachangiaji wote. Fedha zilizobaki hatupandii tena. Tumekaa na kamati ya kijiji, chombo ambacho nilipaswa kuanza nacho. Tumekubaliana zilinde pale palipokatwa boriti, na tope la kombe libaki la akina mama. Kule Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 unalinda msitu uliokuwapo tayari, unauza hewa ya ukaa, na mapato yake yamekwenda kwenye maji na shule za wanakijiji. Nguvu yake ni utunzaji, na wenyeji ndio wenye kauli. Neno langu lilipaswa kuwa "tutunze".

Ndugu msomaji, ukiombwa mchango wa mikoko, uwe wa Mtwara au wa kwingine, usitume kabla hujauliza mambo mawili: wenyewe wa mahali hapo wamesemaje, na iliyopandwa mwaka jana imepona mingapi. Mimi sikuulizwa. Niulizeni.