Mita ya Fundi wa Nguo

Sisi tunaoandika haya tulipatwa na ugonjwa wa moyo mwaka 2019, hapa Lubumbashi. Tangu hapo mganga alituamuru kujipima uzito kila asubuhi kabla ya kula na kuandika hesabu katika daftari. Tulitii. Kwa miaka mitatu na zaidi mizani ilitupa jibu lile lile: kilo 74, pengine 73, pengine 75. Twakiri kwamba tulijivuna. Kila mgeni alionyeshwa daftari letu, naye alistahimili kwa adabu.

Aliyetuvunjia majivuno hayo si mganga, bali ni fundi wa nguo. Mwaka 2023, binti yetu alipokuwa karibu kuolewa, tulikwenda kushonewa suti. Fundi yule alikuwa angali na vipimo vyetu vya zamani katika kitabu chake. Akazungusha mita kiunoni, akanyamaza, akapima tena.

«Baba, akasema, zamani tuliandika 92. Leo ni 103. Lakini mapaja yamepungua, na mikono nayo.»

Mama wa watoto wetu akacheka, akasema baba wa bibi arusi hana budi kuwa na tumbo. Na kweli, wasomaji wapenzi, kwetu tumbo ni heshima. Mtu asiye nalo huulizwa kama nyumbani kwake kuna njaa. Lakini neno lile la mapaja lilitusumbua njia nzima.

Tulipomweleza mganga, yeye hakucheka. Alitusimamisha wima, akatafuta mahali palipo katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akangoja tutoe pumzi, ndipo akapima. 103 vilevile. Urefu wetu ni sentimita 168. «Nusu yake ni 84, akasema. Yafaa kiuno kisifike nusu ya urefu. Wewe, Baba, umepita kwa 19. Sasa nataka mkojo wako.»

Tulishangaa: kiuno na mkojo vina udugu gani? Naye akatufundisha kwa saburi. Hesabu tuliyoizoea, ya kugawanya kilo kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, ilitoka kwa Mbelgiji Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830. Huyo hakuwa mganga, bali mjuzi wa hesabu na nyota, aliyetaka kumjua mtu wa wastani. Kwa hesabu yake sisi tulipata 26, yaani tulipita kidogo tu mpaka wa 25. Lakini mizani haibagui nyama na mafuta, wala haijui mafuta yamekaa wapi. Jean Vague, mganga wa Marseille, alikwisha kuandika mwaka 1947 kwamba mafuta yaliyojilimbika juu ya mwili yana hatari kuliko yale ya makalio na mapaja. Mwilini mwetu nyama zilikuwa zikipungua, na mafuta yakichukua nafasi yake tumboni. Mizani ikaona kilo zile zile, ikatusifu.

Figo zetu, kila moja ukubwa wa ngumi, hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Moyo ukidhoofika, figo hukosa haki yao. Figo zikichoka, chumvi na maji hubaki mwilini, na moyo huelemewa zaidi. Mafuta ya ndani ya tumbo huingia kati ya ndugu hao wawili. Huzizunguka figo, hupandisha presha, huzuia kazi ya insulini, na kuzilazimisha figo kuchuja kupita kiasi hata vichujio vyake vichakae. Tena jambo hilo kwa kawaida halina maumivu mwanzoni.

Mkojo wetu ulikuwa na protini. Damu ilionyesha kwamba kipimo cha kuchuja ni 52. Baada ya miezi mitatu kilirudi chini ya 60 vilevile, na hapo ndipo ugonjwa unapoitwa wa kudumu. Mganga aliongeza neno lililotutia hofu: kreatinini inayopimwa katika damu hutoka katika nyama za mwili, basi mtu aliyekonda mapaja aweza kuonekana mzima wa figo kuliko alivyo. Kwa hiyo mwembamba naye asijidanganye.

Akauliza juu ya dawa. Tulimtajia, kwa aibu, vidonge vya diklofenaki tulivyokuwa tukimeza kwa ajili ya goti. Tulivinunua dukani kwa miaka, na muuzaji hakutuuliza kama tunaumwa moyo. Sisi nasi hatukumwuliza mganga. Vilikatazwa siku ile ile, kwa maana huumiza figo, hasa za mwenye moyo dhaifu.

Mita nayo yaweza kumdanganya mgonjwa wa moyo. Tumbo likivimba kwa siku chache, miguu ikibonyea chini ya kidole, uzito ukiongezeka kilo 2 kwa siku tatu, hayo ni maji, si mafuta. Mtu aende hospitali bila kungoja. Ndiyo maana daftari letu halikutupwa. Sasa lina safu mbili: kilo kila asubuhi, kiuno kila mwezi.

Makayabu tumeyaacha, na hilo limetuuma kuliko vidonge. Bukari twala kidogo, na jioni twatembea mpaka njia panda na kurudi, huku majirani wakiuliza kama gari limeharibika. Kiuno kimefika 97. Protini imepungua, ingawa haijatoweka. Suti ya arusi yatulegea, na fundi ataka kuipunguza. Tumemwambia angoje kipimo cha mkojo cha mwezi ujao.