Kizibo cha Soda, Hatua 20

Kinampanda, Jumatatu, 17 Juni 2024

Sikukuu ya Idi. Jirani amechinja, nimeletewa nyama na bado sijaamua kama niichemshe au niibanike. Jioni rafiki yangu wa Ibra, Oman, amepiga simu kama anavyofanya kila Idi, ingawa mimi ni Mlutheri na amelijua hilo tangu tukiwa watoto. Baba yake alikuwa na duka huku Iramba. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waoman waliotawanyika warudi kwao, familia yake ilikuwa miongoni mwa walioitika. Ameishi kule maisha yake yote ya utu uzima, lakini akikasirika lafudhi ya Kinyiramba inamtoka puani.

Leo hakukasirika. Kasema, "Mwalimu, mimi bwana siku hizi ni saktuni tu." Nikadhani ni dawa ya presha.

Kumbe ni bunduki. Ndogo, ya risasi ya milimita 5.6, ile inayojulikana duniani kwa kipimo chake cha inchi 0.22. Anasema wazee wenzake wa mtaani wanakutana nje ya mji chini ya kilima, kila mtu na yake begani, wanaweka kitu cheupe kidogo umbali wa mita 50 na kupigana vijembe hadi jua liwafukuze. Msimu wenyewe ni wakati wa baridi; sasa hivi huko kwao hata mbuzi hatoki kivulini. Darubini juu ya bunduki ni marufuku. Ni mwanya wa nyuma, kijiti cha mbele, na jicho la mwenyewe.

Yapo na mashindano makubwa pia, yale ya Fazza kule Dubai, yanayoandaliwa na kituo cha urithi cha Hamdan bin Mohammed. Anadai Waoman huvuka mpaka na kurudi na zawadi za watu. Sina namna ya kumbishia.

Jumamosi, 22 Juni

Amenitumia video ya Januari. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili mtu wa umri wangu. Mzee wa kanzu nyeupe amelala kifudifudi juu ya mkeka, kiwiko kimekita chini, na hatikisiki. Mlio wa bunduki ni mkavu na mdogo, hakuna anayeziba masikio. Kisha mwingine mwenye darubini ya mkononi anatangaza matokeo, na ubishi unaanza papo hapo.

Nilimuuliza kwa nini risasi hizo ni rahisi hivyo hata wazee wa pensheni wanamudu. Jibu limo katika ganda lenyewe. Risasi ya vita ina kofia yake ya kuwashia katikati ya kitako cha ganda. Hii haina. Dawa ya kuwashia imepakwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako, na bunduki inagonga ukingo huo. Ganda ni jembamba tu, likishagongwa linatupwa, halijazwi tena. Mfaransa Flobert aliianza namna hiyo mwaka 1845, ili watu wapige shabaha sebuleni mwao (Wazungu nao!), na risasi hii ya leo ilitoka Marekani mwaka 1887. Tangu hapo haijabadilika sana.

Usiku sikupata usingizi nikachukua kalamu. Tuseme kati ya mwanya wa nyuma na kijiti cha mbele kuna sentimita 60. Kijiti kikikosewa kwa milimita moja, kwenye mita 50 risasi inapotea kwa milimita 83. Duara la alama 10 katika shabaha ya Olimpiki ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4, na risasi ikigusa tu mstari unahesabiwa kumi. Ukijumlisha nusu ya duara na nusu ya risasi unapata milimita 8. Gawanya. Kijiti kinaruhusiwa kukosewa kwa moja ya kumi ya milimita, yaani unene wa karatasi ya daftari hili. Nimeishika karatasi kati ya vidole nikaipapasa kwa muda.

Makutupora, mwanzoni mwa miaka ya 80, tulipokuwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, afande hakutupa hesabu hiyo. Alitupa maneno mawili: lenga, bana. Ningekuwa mkufunzi wake ningemwongezea ubao na chaki.

Jumapili, 30 Juni

Baada ya ibada nimekaa uani nikifanya majaribio ya macho. Ukilenga kwa bunduki isiyo na darubini kuna vitu vitatu mbele yako: mwanya ulio karibu, kijiti kilicho hatua moja hivi kutoka jichoni, na shabaha iliyo mbali. Jicho haliwezi kuviona vyote vitatu sawasawa kwa wakati mmoja. Wanaojua wanasema uchague kijiti, shabaha uiache iwe ukungu. Mwanafunzi ukimwambia hivyo anakuona umechanganyikiwa, kwa sababu anachotaka kukipiga ndicho unachomwambia asikiangalie.

Kwa sisi tuliovuka 60 ni taabu zaidi. Lenzi ya jicho imekakamaa, haijikunji tena. Miwani yangu ya kusomea inafaa sentimita 40, ile ya mbali inafaa barabara ya Kiomboi, na kijiti cha bunduki kiko kati ya hizo mbili, mahali ambapo hakuna miwani yangu inayofika. Nimetoboa karatasi ngumu kwa sindano nikachungulia tunduni bila miwani yoyote. Ncha ya ufito niliounyoosha kwa urefu wa mkono imekaa wazi kabisa, na mti wa jirani nyuma yake pia, ila giza kidogo. Tundu dogo linazuia miale ya pembeni inayotia ukungu. Ndiyo maana bunduki nyingine za mashindano zina kisahani chenye tundu badala ya mwanya.

Mjukuu kaniuliza, "Babu, unachungulia nini?" Nimempa karatasi, naye kaenda kuchungulia kuku.

Jumamosi, 13 Julai

Bunduki hatuna na hatutakuwa nazo. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimchekei mtu, na mwaka jana Septemba na Oktoba serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Magobore ya mababu yalitoka darini hapo. Tunacho kichuguu nyuma ya shamba langu, kipana na kirefu kunizidi, na tunazo manati.

Manati huku ni chombo cha kazi. Kweleakwelea wakitua kwenye mtama au uwele, watoto ndio jeshi. Sasa mavuno yamekwisha na jeshi halina kazi. Nikawaambia wanne watano waje, nikatundika vizibo vya soda kwa uzi mbele ya kichuguu, nikapima hatua 20 zangu, kama mita 15. Kizibo kina upana wa milimita 32 hivi. Mkono unaoshika panda na ule unaovuta ngozi imeachana sentimita 70. Nikapiga hesabu ile ile: milimita moja mkononi ni milimita 21 kwenye kizibo. Kwa ukubwa wa gololi zetu za udongo, milimita moja ndiyo ruhusa yote uliyonayo. Nimefurahi mno, na watoto hawakuona sababu ya furaha yangu.

Mwenye kuku waliozoea kujichimbia pale kaja na masharti: kabla ya kuanza, mtu mmoja akawaswage kuku wake. Nimekubali. Kuku wa Singida wana soko kuliko sisi.

Kila mmoja gololi tano. Mzee mmoja aliyekuwa mgambo, anayejulikana kwa kupiga saluti kwenye misiba, amekosa zote tano kwa utaratibu mzuri sana. Binti wa darasa la sita amepiga tatu. Hakulenga muda mrefu. Alivuta, akatoa pumzi nusu, akaachia. Mzee akamwuliza, "Nani kakufundisha kubana pumzi?" Akajibu kwa adabu zote, "Shikamoo babu, sibani, naacha tu iishe."

Jumapili, 21 Julai

Upepo wa Julai huku juu hauna simile. Jana gololi ziliyumba hadi tukaahirisha. Nimemwandikia rafiki yangu nikilalamika, naye amejibu kwamba risasi yake ndogo nayo inateseka: upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza karibu sentimita tatu kwenye mita 50. Kisha akaniambia jambo lililonishangaza. Zile risasi zinazouzwa kwa sifa ya mwendo mkali, unaozidi sauti, ndizo husukumwa zaidi na upepo, kwa sababu hupoteza mwendo upesi njiani. Wenye busara Ibra wananunua zile za polepole, za bei ya kawaida. Nimeipenda habari hiyo kupita kiasi.

Alhamisi, 1 Agosti

Simu ya kila mtu leo ina picha moja: yule Mturuki, Yusuf Dikeç, juzi huko Paris, fulana ya kawaida, miwani ya kawaida, mkono mfukoni, ananyoosha bastola kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kwenda stendi. Ana miaka 51. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan wamepata medali ya fedha ya mchanganyiko, mita 10, wakifungwa na Waserbia 16 kwa 14.

Vijana wa kijiweni wanasema hakuwa na kifaa chochote. Si kweli sana. Bastola ile ya upepo ni ya mashindano, na wapigaji wote wa bastola Olimpiki hulenga kwa mwanya na kijiti, darubini hairuhusiwi. Alichokiacha ni vile vibandiko vya kuziba jicho moja na lenzi za kuvaa kama fundi saa. Yeye anapiga macho yote mawili yakiwa wazi. Wanamsifia kwa kukosa vitu, ilhali sheria ya mchezo imewanyima wote kitu kile kile kikubwa kabla hawajaingia uwanjani. Nimesema hivyo kijiweni, wakaniambia, "Mwalimu, nawe unaharibu stori."

Jumamosi, 10 Agosti

Ugomvi, hatimaye. Kijana wa bodaboda kaja na manati aliyoinunua Dar: ya chuma, ina kishikio cha kuegemea kwenye kifundo cha mkono, raba bapa, na kitaa chekundu kinachotoa nukta pale unapolenga. Alipiga vizibo vinne kati ya vitano, watu wakashangilia, kisha binti akapiga vitatu kwa panda yake ya mti, na kimya kikaingia.

Mzee wa mgambo akasema ushindi ni ushindi, sheria haikuandikwa. Ni kweli haikuandikwa. Mwenye kuku, ambaye siku hizi haji kulinda kuku, akasema basi wiki ijayo na aje mtu na bunduki tujue moja. Kijana akajitetea kwamba yeye hakuiba kifaa, kakinunua kwa jasho lake, na mtu anayejiendeleza asizuiwe. Hoja nzuri, tena ya heshima.

Nilimwomba azime kitaa chake na apige tena tano kwa panda ya mti. Alipiga kimoja. Hakununa, alicheka mpaka akakaa chini, akaomba kufundishwa na binti. Nimeandika sheria nyuma ya kalenda ya zamani na kuigongomea kwenye mwembe: panda ya mti, mpira wa tyubu, ngozi ya kiatu, gololi za udongo zinatolewa na mwenye uwanja. Mtu akitaka kuja na chuma aje, apige, tumpigie makofi, alama zake hatuandiki.

Wapo watakaoniona mzee mkaidi. Lakini nimewatazama wale watu leo. Wamekaa saa nzima baada ya giza kuanza kuingia wakibishana juu ya kidole gumba kikae wapi. Kile kitaa kilipokuwa kinawaka hakuna aliyekuwa na la kusema zaidi ya bei yake.

Jumatano, 14 Agosti

Mtendaji wa kijiji kapita. "Mwalimu, shikamoo. Nimesikia kuna watu wanapiga shabaha huku." Uso wa kazi. Nikampeleka kwenye kichuguu, nikampa panda. Amekosa, akavua koti, akakosa, akaniuliza Jumamosi tunaanza saa ngapi.

Jumamosi, 24 Agosti

Watu wengi, na vumbi. Mtendaji kapata kimoja na kutangaza kwa simu kwa mkewe. Binti vinne. Kijana wa bodaboda viwili, safi, kwa panda aliyoichonga mwenyewe na ambayo kaipindisha kidogo kuelekea kushoto kwa sababu anazoeleza kwa kirefu.

Nimemtumia rafiki yangu video. Amejibu usiku kwamba Ibra nao wana kesi: mzee mmoja amefunga nyuma ya bunduki yake kisahani chenye tundu, anadai si darubini kwani hakina kioo, na wenzake wamegawanyika. Anataka hukumu yangu, maana mimi ni mtu wa hesabu na sina ndugu kwenye kesi. Nimemwuliza kwanza huyo mzee ana miaka mingapi. Sabini na tatu. Nimemwandikia waruhusu tundu kwa kila aliyevuka 60, na wasisahau kunipima na mimi siku nikifika Ibra.

Tyubu imebaki kipande kimoja. Fundi baiskeli kasema nirudi Jumatatu.