Usimvute Mgonjwa Mkono



Wiki hii dada mmoja wa kanisa letu, ambaye sasa anaishi Marekani, aliniandikia. Amepata nafasi chuoni kusomea usaidizi wa fizio. Hao ndio huwashika waliopooza, waliovunjika au waliotoka kwa upasuaji mpaka waweze kutembea tena. Lakini watu wa nyumbani wanamuuliza, "Umeenda mbali hivyo ukawe msaidizi tu?" Akaniomba tuombe pamoja. Tumeomba. Jibu nililompa nataka nawe ulisikie, kwa sababu hilo neno "msaidizi" tunalidharau sana, hata kanisani.

Kule Marekani hii ni taaluma kamili. Wa kwanza walihitimu mwaka 1969. Mtu husoma kama miaka miwili, akafanya mtihani wa kitaifa, ndipo jimbo limruhusu kufanya kazi. Fizio ndiye anayempima mgonjwa na kupanga tiba, na msaidizi haruhusiwi kujipangia yake. Lakini mpango ukishaandikwa, ni nani anakaa na mgonjwa akiinua mguu mara ya kumi, kisha ya kumi na moja? Mara nyingi ni msaidizi. Yeye ndiye anaona leo pumzi zimekuwa fupi, goti limevimba, uso umebadilika, akasimamisha mazoezi na kumwita fizio.

Nilimwambia dada ajaze hizo fomu.

Hapa kwetu nimeiona kazi hiyo kwa macho. Mama mmoja wa kanisa alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, nami nikamsindikiza hospitalini mara kadhaa. Kijana aliyekuwa akimsaidia fizio alisimama upande ule ule dhaifu, maana huko ndiko mtu huangukia. (Mimi ningesimama upande wenye nguvu.) Alimfunga mama mkanda mpana kiunoni, akashika mkanda, si mkono. "Mama, rudisha miguu nyuma kidogo. Inama mbele. Sasa simama." Mama akashindwa. Akaambiwa tena, kwa sauti ile ile. Sijui ilikuwa mara ngapi. Aliposimama, fimbo akapewa kwa mkono wa kulia, ule mzima.

Kisha kijana akamwita binti wa mama, akamfanyisha yote hayo mwenyewe. Kwa fizio ni siku mbili kwa wiki, na nauli unaijua. Siku zilizobaki mazoezi ni ya nyumbani.

Sasa wewe, mpendwa. Ukienda kumwona mgonjwa wa kiharusi, usimsalimie kwa kumvuta mkono uliolegea. Misuli inayolishika bega imelala. Ukivuta, bega linaweza kutoka mahali pake, na maumivu hayo yanaweza kumsumbua miezi. Najua utanikumbusha kwamba Petro alimshika mkono yule kiwete pale mlangoni pa hekalu akamwinua. Amina. Lakini wewe muulize fizio kwanza.

Na usiiambie familia iache mazoezi kwa kuwa tumeomba. Hili nalisema kwa uchungu. Kuna nyumba nimeingia nikakuta mkono umejikunja kifuani, vidole vimekaza ngumi havifunguki, kwa sababu mtu aliambiwa kwamba kwenda fizio ni kukosa imani. Wale wanne waliombeba mwenye kupooza hadi kwa Yesu walitoa jasho. Walipanda darini, wakatoboa paa la mwenyewe! Majina yao hatukuandikiwa.

Jumatano saa tisa alasiri tunaenda kwa mama. Binti yake atatuonyesha namna ya kumsimamisha, kwa hiyo vaa viatu visivyoteleza. Na aliye na kiti kizito cha mbao chenye mahali pa kuegemeza mikono atuazime, maana kile cha plastiki kinakimbia mama akitaka kuinuka.