Tulikataa Mara Mbili

Mimi ni bwana shamba. Kwa miaka mingi nimetembelea vijiji vya chini ya Mlima Meru, nikizungumza na wakulima habari za kahawa, migomba na mahindi. Leo sitazungumza habari za mazao. Nitazungumza habari za mama yangu na ugonjwa wa saratani. Watu wengine huuita kansa.

Nyumbani kwetu ni Kijenge, Arusha. Zamani Kijenge ilikuwa mashamba. Siku hizi ni nyumba tupu, lakini mama alibaki na kipande chake cha migomba na ng'ombe wawili wa ndani. Sisi watoto wake tulimwita Yeyo, kama wanavyoita Waarusha wote.

Mwaka 2019 dada yangu alinipigia simu. Aliniambia, "Kaka, njoo nyumbani. Yeyo ana kitu kifuani." Nilipofika nilikuta mama amekaa jikoni, hataki kunitazama. Kumbe alikuwa na kinundu kwenye titi la kushoto. Kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Alikuwa amekificha karibu mwaka mzima. Alisema, "Hakiumi. Ningewasumbua kwa nini?"

Ndugu msomaji, shika jambo hilo. Saratani ya titi mara nyingi haiumi inapoanza. Kwa sababu haiumi, watu hungoja.

Tulikwenda hospitali. Daktari alitoa kipande kidogo cha nyama ya kile kinundu, akakipeleka kupimwa. Baada ya majuma mawili alituita. Alisema, "Ni saratani. Bado haijasambaa. Tutaondoa titi, kisha tutampa dawa za kuingiza kwenye mshipa." Mama alinyamaza. Mimi nilisema tutakwenda kuzungumza nyumbani.

KIKAO CHA UKOO

Baba yetu alikwisha kufariki. Kwa hiyo baba mdogo aliita kikao. Tulikaa wanaume saba chini ya mparachichi. Mama alikuwa jikoni anatupikia chai.

Baba mdogo alisema, "Mimi nimeona. Mke wa jirani yetu alikatwa, hakumaliza mwaka. Kisu huamsha ugonjwa." Wazee walitikisa kichwa. Mwingine akasema yuko mganga mmoja anayetoa unga wa mizizi, na watu wengi wamepona. Kisha wakanigeukia mimi. Wakasema, "Wewe umesoma. Unasemaje?"

Nilikuwa na la kusema. Mwaka 2011 nilikwenda Loliondo. Wengi wenu mnaikumbuka habari ile. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa katika kijiji cha Samunge. Alisema ameoteshwa na Mungu. Dawa ilitokana na mti unaoitwa mugariga. Ni mti ule ule ambao sisi tunauita olamuriaki, na watoto wachungaji hula matunda yake. Kikombe kimoja kilikuwa shilingi 500. Watu walikuja kutoka Tanzania nzima, Kenya na nchi nyingine. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi.

Mimi nilipanda gari pamoja na majirani. Tulipita Mto wa Mbu, Engaruka na Ziwa Natron. Nilikunywa kikombe, ingawa sikuwa mgonjwa. Lakini njiani niliona wagonjwa walioondolewa hospitalini na ndugu zao, wamelazwa juu ya magodoro ndani ya magari. Wako waliofia njiani. Wataalamu wa Serikali waliichunguza dawa ile, wakasema haina madhara kwa mnywaji. Lakini kutodhuru ni jambo moja, na kuponya saratani ni jambo jingine. Mchungaji Mwasapile alifariki mwezi Julai 2021. Magonjwa yale bado yapo.

Hayo yote nilikuwa nayajua siku ile chini ya mparachichi. Lakini sikuyasema. Niliogopa kubishana na wazee. Tena, ndugu msomaji, nitasema kweli: niliogopa pia kisu. Niliogopa mama akifia hospitalini watasema mimi ndiye niliyemuua. Nikasema, "Tujaribu kwanza huo unga." Kikao kikaisha.

Hakuna aliyemwuliza mama.

MIEZI MITANO

Mama alitumia unga kwa miezi mitano. Tuliuza ng'ombe mmoja. Mwezi wa kwanza alisema anajisikia nafuu. Mwezi wa tatu kinundu kilikuwa kama yai la kuku. Mwezi wa tano ngozi ya titi ilipasuka, na kinundu kingine kikatokea kwapani.

Wakati huo huo mimi nilikuwa kazini ninawafundisha wakulima habari za chulebuni. Mnaujua ugonjwa huo wa kahawa. Mkulima anayengoja mpaka buni ziwe nyeusi, ndipo apige dawa, amechelewa. Dawa hupigwa mapema, kuzuia ugonjwa usienee. Siku moja nilikuwa nasema maneno hayo mbele ya wakulima, ulimi ukakwama. Nilikuwa nawafundisha watu jambo ambalo sikulifanya kwa mama yangu.

Jioni ile nilikwenda Kijenge moja kwa moja. Nilikaa jikoni pamoja na mama. Nikamwuliza, "Yeyo, wewe mwenyewe unataka nini?" Akacheka kidogo. Akasema, "Leo ndiyo umeniuliza? Mimi nilitaka kukatwa tangu siku ile. Titi limemaliza kazi yake. Nimenyonyesha watoto sita."

Tulirudi hospitali. Daktari hakutugombeza. Alisema tu kwamba sasa kazi itakuwa kubwa zaidi.

MATIBABU

Nitaeleza matibabu yalivyokuwa, kwa maana watu wengi huogopa wasichokijua.

Kwanza, mama alipasuliwa. Titi liliondolewa pamoja na vinundu vya kwapani. Alilala usingizi wa dawa, hakusikia kitu. Baada ya siku chache alirudi nyumbani.

Pili, alipewa dawa za saratani kwa dripu, kila baada ya majuma matatu. Nilimwuliza daktari, "Kama uvimbe umeondolewa, dawa ni za nini?" Alipoeleza, nilikumbuka ndago shambani. Ukikata ndago juu kwa jembe, shamba huonekana safi. Lakini chini zimebaki mbegu zake ndogo ndogo, nazo zitaota. Dawa zile hutafuta mbegu za saratani zilizobaki mwilini. Dawa hizo ni kali. Mama alitapika, nywele zikanyonyoka, na mdomo ukatoka vidonda. Baadaye nywele ziliota tena.

Tatu, alipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kupigwa mionzi. Mionzi haionekani, tena haiumi wakati inapopigwa. Taasisi hiyo iko karibu na bahari. Mama alikuwa hajaona bahari maisha yake yote. Alinipigia simu akasema, "Maji haya hayana ng'ambo!"

Watu wengine husema kwamba hospitali inadharau mitishamba. Si kweli. Liko ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye majani matano ya ua, ambalo asili yake ni Madagaska. Wengi mnalo uani. Katika ua hilo wataalamu walipata dawa inayoitwa vinkristini, ambayo hutibu saratani ya damu ya watoto. Inasaidia pia kutibu uvimbe wa taya, ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt aliuandikia habari mwaka 1958 alipokuwa Uganda. Tofauti ni kwamba dawa ya hospitali imejaribiwa, na kipimo chake kinajulikana. Usichume ua hilo ukalichemsha. Lina sumu.

Na wasiosoma si wao peke yao wanaokataa. Vijana wa Arusha humpenda sana mwimbaji Bob Marley wa Jamaika. Mwaka 1977 alikutwa na saratani kwenye kidole cha mguu. Madaktari walishauri kidole kikatwe. Yeye alikataa kwa sababu ya imani yake, akakubali upasuaji mdogo tu. Mwaka 1981 saratani ilikuwa imefika mpaka kichwani. Akafariki akiwa na umri wa miaka 36. Kidole kilibaki, mtu akaondoka.

MAMA ANAKATAA

Mama alikaa vizuri miaka mitatu. Alikata majani ya ng'ombe, alikwenda kanisani, alimwona mjukuu wake akianza shule. Mwaka 2023 alianza kuumwa mgongo. Saratani ilikuwa imerudi. Safari hii ilikuwa kwenye mifupa na kwenye ini.

Sasa baba mdogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema, "Apewe dripu tena!" Mimi nami nilisema hivyo hivyo. Nilitaka kulipa ile miezi mitano.

Mama alimwuliza daktari maswali mawili. "Dawa hizo zitaniponya?" Daktari akajibu, "Hapana, mama. Zinaweza kuuchelewesha ugonjwa kwa muda." Mama akauliza, "Nitatapika kama mwanzo?" Daktari akasema, "Inawezekana."

Mama akatugeukia. Akasema, "Mara ya kwanza nilikubali kwa sababu kulikuwa na kitu cha kupata. Sasa nataka kukaa kwangu. Nipeni dawa ya maumivu tu."

Nilikasirika. Nilitoka nje. Daktari alinifuata, akaniambia, "Bwana shamba, mama yako ameuliza, amejibiwa, amechagua. Hiyo ni haki yake." Akanieleza habari za tiba shufaa. Hayo ni matunzo ya mgonjwa ambaye hatapona. Hupewa dawa ya kutuliza maumivu, hutunzwa vidonda vyake, na hutembelewa nyumbani. Mama alipewa dawa ya maji inayoitwa mofini. Muuguzi alitufundisha kuipima na kumpa kwa saa, bila kungoja maumivu yazidi.

Kwa dawa hiyo mama alilala usiku. Alikaa uani, akaamua nani atachukua ng'ombe na nani atachukua migomba. Alimwita baba mdogo, wakazungumza peke yao, wakacheka. Alifariki mwaka 2024, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yangu.

Kwa hiyo sisi tulikataa hospitali mara mbili. Mara ya kwanza tulikataa sisi wanaume kwa hofu, wakati ugonjwa ulikuwa mdogo na dawa ipo. Mara ya pili alikataa mama mwenyewe, kwa kujua, wakati dawa haikuweza kumponya. Kukataa kwa pili hakunisumbui tena. Kukataa kwa kwanza kunanisumbua mpaka leo, hasa ninapopita chini ya ule mparachichi.

Ndugu msomaji, ukiambiwa wewe au mtu wako ana saratani, mwulize daktari mambo haya:

1. Ugonjwa uko wapi, na umesambaa au bado?

2. Matibabu haya ni ya kuponya, au ni ya kupunguza nguvu za ugonjwa?

3. Tusipotibu, au tukichelewa, nini kitatokea?

4. Dawa zitaleta taabu gani, na taabu hiyo itadumu kwa muda gani?

5. Gharama ni kiasi gani, na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali inaweza kutusaidia?

Kama unatumia mitishamba, mwambie daktari. Usifiche.

Tena mwulize mgonjwa mwenyewe anataka nini. Mwulize siku ile ile ya kwanza, kabla hamjaita kikao.