Simu ya Kwenda Nayo Ujerumani

Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake amechaguliwa kwenda Ulaya na kwaya ya shule, kwanza hufurahi, kisha hukaa chini na kuanza kuhesabu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu mwanzoni mwa mwaka 2023. Barua ilitoka shuleni kwa binti yetu, aliyekuwa kidato cha tatu, umri wa miaka 16. Angekaa wiki mbili za mwezi Juni katika mji wa Leipzig, kwa wenyeji wenye urafiki na ushirika wetu hapa Moshi. Urafiki wa pande hizi mbili si wa jana, maana wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Barua ilitaja paspoti, koti la mvua na viatu vya kutembelea. Mwishoni kabisa iliandikwa kwamba mwanafunzi anaweza kuchukua simu, kwa hiari ya mzazi.

Hiyo hiari ya mzazi ilitunyima usingizi wiki tatu.

Yafaa mjue kwamba binti yetu ana selimundu. Mmoja wetu ni muuguzi, naye amekwisha kuwahudumia watoto wengi wenye ugonjwa huo. Lakini mtoto wako mwenyewe akilia kwa maumivu ya mifupa saa nane za usiku, diploma haizuii machozi. Tunayajua mambo yanayoamsha maumivu hayo: baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu, homa. Daktari wake wa kliniki aliiruhusu safari, akaandika barua, akasisitiza kwamba dawa zikae katika mkoba wa mkononi wala zisiwekwe kwenye sanduku. Kwa hiyo kwetu simu haikuwa anasa. Tulikuwa tukijiuliza, maumivu yakimjia usiku, naye yuko mbali nasi, atafanyaje?

Nyumbani hatukuwa na jibu moja. Baba alitaka kitochi, ile simu ndogo ya vibonye. Chaji yake hudumu siku kadhaa, haina picha za ovyo, wala haimtamanishi mwizi. Mama alitaka simu janja ili amwone mtoto usoni kila jioni, maana muuguzi huamini macho yake kuliko maneno ya mgonjwa. Binti mwenyewe hakusema neno. Tulidhani ni adabu.

Kwanza tulifikiria kumpa simu ya zamani iliyokuwa imelala kwenye droo. Kijana mmoja wa kanisani, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu, akaitazama na kutikisa kichwa. Alisema simu hiyo inaishia 3G, na Ujerumani walizima 3G mwaka 2021, hivyo huko ingefaa kwa kupiga na kutuma ujumbe mfupi tu. Akatufundisha pia kubonyeza *#06# kabla ya kulipia simu yoyote, tuone kama namba inayotokea inalingana na ile ya kwenye boksi. Wengi wetu tunakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipofungiwa nchini na watu wakabaki na vipande vya plastiki mikononi.

Dukani, muuzaji alitusifia kamera. Tulimwuliza habari za betri, akatuambia simu hiyo hupiga picha hata gizani. Tulimwuliza kama inashika 4G, akarudi kwenye kamera. Tukaondoka mikono mitupu, Baba akiwa na furaha kwamba kitochi chake bado kiko mashindanoni.

Hata laini nusura tukosee. Tuliposikia gharama za kutumia laini ya hapa ukiwa nje, ile huduma waiitayo rominga, tuliamua simu iende bila laini, apate mtandao kwa waifai ya wenyeji. Mama mwenyeji wa Leipzig alipopata habari hiyo alituandikia upesi. Namba ya dharura huko ni 112, na kupiga ni bure, lakini tangu mwaka 2009 Ujerumani simu isiyo na laini hai haiwezi kuipiga namba hiyo. Tulisoma barua yake mara mbili. Basi tukamwekea laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya mama, kwa kuwa mtoto hakuwa na kitambulisho cha taifa. Tukahakikisha rominga imefunguliwa kabla ya kuondoka, kisha tukazima intaneti ya rominga ili kupiga na kupokea kubaki kwa ajili ya shida tu. Adapta pia tulinunua, maana plagi zetu za pini tatu haziingii katika ukuta wa Mjerumani, wenye matundu mawili ya mviringo.

Kilichomshinda Baba ni jambo dogo. Kijana wa kanisani alituonyesha kwamba simu janja nyingi zina ukurasa wa taarifa za dharura, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua hata simu ikiwa imefungwa kwa namba ya siri. Humo huandikwa ugonjwa, dawa, mzio, kundi la damu na namba za kupigiwa. Kitochi hakina ukurasa huo. Baba alikaa kimya, akatoa shilingi 280,000, tukanunua simu ya kawaida tu yenye betri nzuri.

Jioni ile tukamwita binti mezani, tukaanza kuujaza ukurasa. Alipoona neno selimundu linaandikwa, akaiweka mkono juu ya simu.

“Mama, mkiandika hapo kila mtu ataona.”

Tukamwambia hiyo ndiyo maana yake, waone. Akaanza kulia. Tukagundua kwamba miaka mitatu ya bweni alikuwa amewaambia wenzake kuwa vidonge vyake ni vitamini. Ni matroni peke yake aliyejua. Aliogopa kuitwa mgonjwa, aliogopa kuachwa kwenye safari, na zaidi ya yote aliogopa wasichana wenzake kumnong'ona kwamba huyu hataishi sana, maneno ambayo aliwahi kuyasikia kwa masikio yake kijijini kwa shangazi.

Tuseme kweli, tulikasirika. Baba alisema hana hiari hapa, ukurasa utajazwa au safari haipo. Mama, ambaye kazini huwaambia wazazi wengine wawasikilize watoto wao, alimuunga mkono Baba. Usiku hatukulala. Asubuhi tukamwambia simu ni yake, aiandike mwenyewe atakavyo, ila mwalimu wa kwaya lazima ajue. Alikaa nayo siku tatu. Siku ya nne alikwenda kwa mwalimu mwenyewe, bila sisi, na akamwambia pia rafiki yake mmoja wa sauti ya pili. Ukurasa nao aliujaza, kwa Kiingereza.

Walisafiri. Kila siku saa tatu usiku, ambayo kwao ilikuwa saa mbili, tulimwona usoni. Siku ya sita simu haikupokelewa. Tulipiga mara 14. Mama alihesabu kila balaa alilowahi kuliona wodini. Saa kumi na mbili asubuhi ukaja ujumbe: “Nimeamka salama. Niliizima simu.”

Mchana walikuwa wamekwenda ziwani. Wenzake waliogelea, yeye, aliyeonywa mara ngapi juu ya maji baridi, aliingia mpaka magotini ili asiwe peke yake ufukoni. Jioni miguu ikaanza. Akamwamsha rafiki yake, rafiki akamwita mwalimu. Walimpa maji mengi, dawa zake, blanketi na chupa ya maji ya moto, na mwalimu alikaa kitandani kwake huku simu ya mama mwenyeji ikiwa tayari kupiga 112. Haikuhitajika. Kuelekea alfajiri maumivu yalitulia.

Tulimwuliza kwa nini alizima. “Ungeniona uso, Mama. Ungelia, nami ningelia, na nilikuwa nahitaji kunywa maji.” Tulimlaumu mwalimu kwa kutotuarifu, kisha tukakumbuka kwamba alikuwa na mgonjwa mikononi.

Aliporudi, tuliiomba simu ili tuangalie kama ukurasa ule bado upo. Ulikuwapo. Alikuwa ameongeza mstari kwamba apewe maji kwanza, na mpangilio wa namba alikuwa ameubadilisha. Ya kwanza ilikuwa ya rafiki yake, ya pili ya mwalimu, ya mama ilikuwa ya tatu. Tukamwuliza kulikoni.

“Mama,” akasema, “ninyi mlikuwa Moshi.”