Pembe, Mhimili na Lugha: Kumbukumbu ya Somo la Vekta
Katika sekondari niliyosoma mkoani Singida, vekta zilifundishwa kwa Kiingereza, ilhali msingi wetu wa hesabu ulikuwa wa Kiswahili. Nilikariri kanuni bila kuona kitu. Siku moja mwalimu alitupeleka penye jabali karibu na Ziwa Singidani, akatutaka tuwaze kamba iliyokazwa kutoka chini hadi kileleni: meta 2 kwenda mashariki, 3 kaskazini na 6 juu.

Akaeleza kwa Kiswahili. Vipeo vya pili vya namba hizo ni 4, 9 na 36. Jumla yake ni 49, na kipeuo chake, 7, ndicho urefu wa kamba. Kila namba ikigawanywa kwa 7 hutoa kosaini ya pembe kati ya kamba na mhimili wake. Tukapata takriban digrii 73, 65 na 31. Pembe ndogo kabisa ilikuwa ya mhimili wa juu, kama macho yalivyokwisha kutuambia.

Yawezekana kuwa aliyenifundisha ni jabali, wala si lugha. Hata hivyo, kwetu mhimili ulikuwa mti ubebao paa la tembe kabla haujawa istilahi. Darasani, kwa Kiingereza, sikujua hata la kuuliza. Pale jabalini niliuliza: je, pembe zote tatu zaweza kuchaguliwa tutakavyo? Haziwezi, kwani vipeo vya pili vya kosaini zake sharti vijumlike kuwa 1. Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kuwa Kiswahili hakimudu hisabati. Swali langu la kwanza la hisabati nililiuliza kwa Kiswahili.