Bei ya Sweta la Mtoto

Sweta la mtoto wa mwaka mmoja, lenye mikono mirefu na vifungo mbele, hunichukua kama saa 15 kulifuma kwa mkono. Hapo sijahesabu kuunga mabega, kuficha ncha za nyuzi, kupachika vifungo, wala kulilowesha na kulitandaza likauke na umbo lake. Kima cha chini cha mshahara hapa Uingereza kilipandishwa Aprili 2025 kikafika pauni 12.21 kwa saa. Zidisha mwenyewe: zaidi ya pauni 183, na uzi bado hujanunua. Mimi naliuza pauni 48. Na bado yupo anayelishika, analigeuza, anasoma bei, kisha analirudisha mezani taratibu kama anayerudisha yai kwenye trei.

Dada zangu wanaoishi nje huniuliza sana habari za biashara hii. Wanaona picha za visweta na mizula, wanaona watoto wamependeza, wanadhani nimepata. Nami huwajibu kwa hesabu hiyo kwanza. Anayebaki kunisikiliza baada ya hapo, huyo tunaweza kuongea.

Mimi ni mtu wa Njombe, Tanzania. Kwetu mtoto hazaliwi akakosa mzula. Baridi ya Juni na Julai haina masihara, na mama zetu walifuma wakiwa wamekaa, wakiwa njiani, wakiwa kwenye vikao. Nilijifunza kwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe, maana sindano za dukani zilikuwa za wenye nazo. Kazi ya mume ndiyo iliyotuleta West Yorkshire, nami nikajikuta nimetua kwenye makao yenyewe ya sufu. Bradford ilitajirika kwa sufu. Kiwanda cha Salts Mill, kilichofunguliwa mwaka 1853 pale Saltaire, bado kimesimama, ila siku hizi ndani yake watu wanatazama picha za kuchora na kunywa kahawa. Kampuni ya Sirdar, iliyoanzishwa 1880, bado inauza nyuzi za kufumia, na kule Keighley wapo wanaosokota hadi leo. Kwa mfumaji, hii ni sawa na mpenda samaki kuhamia Feri, kwenye soko la samaki la Dar es Salaam.

Lakini kabla ya sindano, angalia viza yako. Mimi nilikuja kama mke wa mtu mwenye haki ya kukaa, na viza yangu iliniruhusu kufanya kazi yoyote, hata ya kujiajiri. Mwanafunzi haruhusiwi kujiajiri, na kuuza mizula ni kujiajiri, hata ukiuza kwa marafiki wa kanisani. Nimewaambia mabinti kadhaa hilo wakaninunia. Bora waninunie mimi. Ukishakuwa na ruhusa, mambo ya kodi si ya kutisha: mauzo ya hadi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, unaoishia tarehe 5 Aprili, hayahitaji kutolewa taarifa. Ni mauzo, siyo faida. Ukipita hapo unajisajili na kujaza fomu kila mwaka. Kuna kichekesho kimoja: nguo za watoto hapa hazilipiwi kodi ya ongezeko la thamani, lakini uzi wa kuzifumia unalipiwa asilimia 20. Mkubwa aliyesajiliwa hurudishiwa. Sisi wadogo tunaimeza.

Kilichonishangaza zaidi ni kichwa cha mtoto. Nyumbani tulifuma kwa macho. Mtoto yupo mbele yako, unampima kwa kiganja. Hapa namfumia mtoto ambaye hajazaliwa, ambaye bibi yake anataka zawadi ipelekwe Leeds au Cardiff. Kichwa cha mtoto mchanga kina mzunguko wa sentimita 34 au 35 hivi, nacho ni karibu robo ya urefu wake wote. Kwa hiyo kwenye sweta lisilofunguka mbele, shingo ndiyo mtihani. Ukiifungia kwa mkono mkali, sweta linakwama masikioni, mtoto analia, mama anachukia, na nguo inazikwa kabatini. Siku hizi safu ya mwisho ya shingo naifungia kwa sindano kubwa kuliko niliyofumia, kisha naacha bega moja wazi na vifungo viwili. Mzula ni kinyume chake: lazima uwe mdogo kuliko kichwa, la sivyo unateleza mpaka puani.

Na vifungo vyenyewe! Kila kimoja nakivuta kwa nguvu zote kabla ya kufunga mzigo, kwa sababu kikidondoka kitaishia mdomoni. Kamba shingoni mwa mtoto mdogo ni mwiko. Kipo kiwango, EN 14682, kinachozikataa kwenye nguo za watoto hadi miaka 7. Lebo lazima itaje nguo ni ya nini, kama ni sufu tupu au imechanganywa. Midoli ya kufuma, ambayo kila mteja huniomba, siigusi kabisa: mdoli ni kitu cha kuchezea, una sheria zake za vipimo na alama.

Mzula nao una kisa. Kwetu mtoto anavalishwa mzula akiwa ndani, amefunikwa, dirisha limefungwa, hata Dar es Salaam kwenye joto utamkuta katoto ka wiki mbili kamevikwa kama kanapanda mlima. Hapa wakunga wanasema mtoto akilala ndani kichwa kiwe wazi, kwa sababu hutoa joto lake kichwani na akizidiwa na joto ni hatari. Mama mkwe mmoja aliyekuja kutoka Mbeya kulea mzazi nusura agombane na muuguzi. Alinipigia simu niwe shahidi wake. Nikamwambia, "Shikamoo mama, mimi nauza mizula, lakini hili wana haki. Wa kwake ni wa kutokea nje." Hakuagiza kwangu tena kwa muda mrefu.

Wateja wangu ni wa aina mbili, na hawafanani hata kidogo. Mwingereza habishani bei. Akiona ni ghali anatabasamu, anasema ni nzuri sana, anaondoka, na hujui ulikosea wapi. Wa kwetu anaanza na salamu, anauliza habari za nyumbani, kisha: "Sasa wifi, si tuko wote ugenini? Nifanyie thelathini." Mwanzoni nilikuwa napunguza. Sasa nina jibu: bei ni ileile, ila ukinunua sweta nakuongezea soksi. Soksi za mtoto mchanga zinatoka kwenye mabaki ya uzi na ni kazi ya jioni moja. Yeye anaondoka na ushindi wake, nami sijauza mkono wangu kwa hasara zaidi.

Ndiyo, kwa hasara. Anayefuma kwa mkono halipwi kwa saa, hapa wala kwingine, na anayekuambia analipwa ama anatumia mashine ama anauza walichofuma wengine. Ninachofanya ni kuchagua vitu ambavyo pengo lake si kubwa sana. Mzula wa uzi wa unene wa kati unakula donge moja la gramu 50, unakwisha kwa saa tatu, nao unauzika pauni 18. Huo ndio unaolipa ada ya meza kwenye masoko ya Krismasi, bima, na posta. Sweta ni la kumsimamisha mtu mezani. Anakuja kwa ajili ya sweta, anaondoka na mzula.

Uzi natumia sufu ya merino iliyotengenezwa kuvumilia mashine ya kufulia. Sufu ya kawaida ina magamba madogo ambayo kwa maji ya moto na msukosuko hushikana, na sweta hutoka limekuwa zulia la mdoli. Mama mwenye mtoto mchanga hana muda wa kufua kwa mkono, na ukimwandikia maagizo marefu hayasomi.

Sasa lile swali ambalo kila mtu huliuliza, hata baba yangu: kwa nini nisiwaachie akina mama wa Njombe wafume, mimi niuze? Ushuru si kikwazo. Nguo zilizotengenezwa Tanzania zinaweza kuingia Uingereza bila ushuru chini ya mpango wa biashara na nchi zinazoendelea ulioanza 2023, mradi karatasi za asili ya bidhaa ziwe sawa. Kikwazo ni mikono. Sweta langu la mwaka mmoja lina vitanzi 123 kwa mzunguko wa kifua, kwa hesabu ya vitanzi 22 kila sentimita 10, nalo linatoka sentimita 56. Mpe mfumaji mwenye mkono mkali anayepata 24, sweta lilelile, uzi uleule, linatoka 51. Mpe mwenye mkono wa ulegevu anayepata 20, linapita 61. Nilipeleka uzi, nikatumiwa masweta mazuri ajabu, kila moja na mtoto wake. Shangazi yangu, ambaye anafuma kuliko mimi na wewe, aliudhika nilipomtaka afume kipande cha majaribio kwanza. "Tangu lini mwanangu sweta likapimwa kwa rula?" Nami siwezi kumlaumu, amevalisha ukoo mzima bila rula.

Tulichokubaliana ni mablanketi. Blanketi la kigari cha mtoto likizidi au likipungua sentimita nne, hakuna anayejua. Uzi nampa ndugu anayesafiri, naye huniwekea nafasi ya kilo tatu kwenye begi lake. Akina mama wanafuma vipande vya mraba, shangazi anaviunga, na kila blanketi likishamalizika natuma malipo kwa simu siku hiyohiyo, kabla hata halijafika kwangu. Hilo nililiweka mwenyewe, kwa kuwa najua mtu wa nje akichelewesha hela habari husambaa mpaka Makambako. Kwenye lebo naandika limefumwa Njombe, na jina la wilaya hiyo limeniletea maswali mengi mazuri kuliko tangazo lolote.

Ugomvi uliobaki ni wa rangi. Wateja wangu wa hapa wanataka rangi ya uji, rangi ya majivu, nyeupe iliyofifia. Mtoto apendeze na sofa. Kikundi cha shangazi kinasema hizo ni rangi za msiba, mtoto avae njano na nyekundu aonekane kwa mbali. Mwezi uliopita nimewatumia madonge ya rangi ya uji, wakafuma, ila pembeni pote wakazungushia ukingo mwekundu kutoka kwenye uzi wao wenyewe. Mablanketi hayo nimeyaweka mezani yalivyo. Mawili yameshanunuliwa, na mnunuzi wa la tatu ameuliza kama ukingo wake unaweza kuwa mpana zaidi.